Sahani ya Mama Filbert

Sahani yenyewe ni ya bati, nyeupe, ina ua jekundu katikati na ukingo wa buluu uliobanduka upande mmoja. Jengo letu zima hapa Mtaa wa Narung'ombe tunaijua. Kila Krismasi inatoka mlango wa kushoto wa ghorofa ya tatu, inavuka ukumbi, inaingia mlango wa kulia ikiwa imejaa biskuti laini za viungo. Siku chache baadaye inarudi ilikotoka, imesuguliwa mpaka inang'aa, na juu yake kuna tende, au kaimati, au vipande vya halua. Hapa kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu, na ukiirudisha tupu watu watajua tu, maana ukumbi ni mwembamba na macho ni mengi.

Mlango wa kushoto ni wa Hyasinta, fundi cherehani aliyekuja kutoka Songea akiwa bado msichana. Tunamwita Mama Filbert kwa jina la mwanawe. Mlango wa kulia ni wa Maimuna, Mama Twaha, aliyezaliwa Kariakoo hiihii, na mama yake vilevile, na ukikaa naye kidogo tu lazima atakukumbusha. Wawili hao wametazamana mlango kwa mlango tangu Filbert na Twaha wakiwa wanakwenda chekechea wameshikana mikono. Sasa wote wawili wana ndevu, na Twaha yuko Mwanza, anapiga simu akiwa na shida.

Msifikiri nataka kuwasema vibaya. Ni majirani wa kweli. Ramadhani ikiingia, Hyasinta hakaangi kitunguu mchana mlango ukiwa wazi. Idi ikifika anavaa gauni lake bora, anakaa mkekani kwa Maimuna, anakula pilau, anakula biskuti za Idi, na anaomba nyingine za kubeba bila haya yoyote. Filbert alipougua homa ya dengi, Maimuna ndiye aliyelala kwenye benchi la hospitali pamoja na Hyasinta, na ndiye aliyegombana na muuguzi.

Ila kulikuwa na jambo moja. Maimuna alikuwa hajawahi kula biskuti za Hyasinta. Hata moja, miaka yote hiyo. Ni yeye mwenyewe aliyenisimulia habari hii, na katika kusimulia hakujionea huruma, kwa hiyo na mimi sitamwonea.

Ilianza Krismasi moja ya zamani, Maimuna alipopita ukumbini akaona sufuria kubwa ya Hyasinta iko jikoni kwenye mkaa, mlango wazi, ndani yake kitimoto, nyama ya nguruwe, kinachuruzika mafuta na Filbert mdogo anakizunguka kwa hamu. Jioni yake akaiona sufuria ileile imeoshwa, imemwagiwa mchanga chini, imefunikwa, makaa juu ya mfuniko, na ndani yake zinaokwa biskuti. Usiku haujaingia sahani ikabisha hodi.

Hapo hakuna wa kumlaumu. Mtu na dini yake. Angesema tu, "Mwenzangu, sufuria ile niliiona na nyama yenu, hizi sitaziweza," Hyasinta angepiga paji la uso, angecheka, na mambo yangeishia pale pale. Maimuna hakusema. Aliona vibaya kusema. Alipokea sahani kwa mikono miwili, akashukuru, akafunga mlango, akazimimina biskuti zote kwenye kopo tupu la aiskrimu na kumpelekea Tarsis, mlinzi wa maduka ya chini, ambaye kanisani anakwenda na tumbo analo. Mwaka uliofuata akafanya vilevile. Kopo likapata jina, likaitwa kopo la Tarsis, likawa na mahali pake juu ya friji.

Hilo nalo lingevumilika. Lakini sahani hairudi na tende peke yake, inarudi na maneno. Mwaka wa kwanza Maimuna alisema zilikuwa nzuri. Mwaka wa pili zikawa zinayeyuka mdomoni. Miaka ilivyokwenda sifa zikanenepa: mara wageni wa Tanga wameulizia zimenunuliwa wapi, mara Mzee Hashimu, mumewe, amezificha uvunguni asigawiwe mtu. Masikini Mzee Hashimu, fundi saa mstaafu asiye na makuu, hakuwahi hata kuzinusa vizuri. Maimuna aliona anamfurahisha jirani. Uongo wa namna hiyo una raha yake, kwa sababu anayeusema na anayeambiwa wote wanatabasamu.

Desemba hii Hyasinta aliteleza kwenye ngazi, pale ambapo wabeba mizigo hupitisha ndoo za maji, akaangukia mkono wa kulia. Ukafungwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Cherehani ikafunikwa. Siku mbili kabla ya Krismasi, alasiri, akabisha hodi kwa Maimuna.

"Karibu, mwenzangu," Maimuna akasema. "Mkono unaendeleaje?"

"Unaniwasha ndani, siufikii. Nimekuja na ombi, Mama Twaha."

"Sema."

"Biskuti. Nilitaka nimwachie Filbert akande, nikaona atanivunjia na huu wa pili kwa hasira zake. Halafu nikajiambia, si yupo Mama Twaha? Kila mwaka unazisifu kuliko hata wanakwaya wenzangu. Ladha yake unaijua. Njoo uniazime mikono."

 Maimuna akatafuta udhuru, akaukosa. Mchele ulikuwa umeshachaguliwa, Mzee Hashimu yuko msikitini, na Hyasinta amesimama mlangoni na plasta yake. Akajifunga kanga kiunoni, wakavuka.

Jikoni kwa Hyasinta kila kitu kilikuwa tayari mezani: unga wa ngano, siagi, mayai, maziwa, sukari kwenye bakuli lenye mfuniko, na viungo alivyonunua sokoni na kusaga mwenyewe. Mdalasini, iliki, tangawizi, karafuu. Harufu ilijaa mpaka ukumbini. Hyasinta akakaa kwenye kigoda karibu na dirisha, mkono wake ameuweka mapajani, na kuanza kuelekeza.

"Anza na unga. Chekecha. Sasa mdalasini, vijiko viwili. Tangawizi kimoja. Iliki hivyo hivyo." Akarekebisha mkono wake mapajani. "Karafuu mwaka jana nilitia nusu kijiko. Ilitosha?"

Swali dogo, si ndiyo? Maimuna alikuwa na kijiko mkononi, na hakuwa na habari yoyote kuhusu karafuu ya mwaka jana. Angeweza kusema hakumbuki. Lakini mtu aliyesifu miaka yote hawezi kusema hakumbuki, na tena alijiona lazima aongee kama mjuzi.

"Ilitosha," akasema. "Ila ukiongeza haitakuwa vibaya. Mzee Hashimu anaipenda karafuu ijitokeze."

"Kumbe?"

"Sana. Mwaka jana alisema tu, imejificha mno."

Hyasinta akamtazama. "Basi tia unavyoona wewe."

Maimuna akatia. Na kwa kuwa mtu anayedanganya huwa anapenda kukolezea, hakutia nusu kijiko wala kimoja. Alitia viwili, vya kujaa, akachanganya haraka kama anayeficha kitu.

Wakaja kwenye siagi. Maimuna akaikata kwenye bakuli jingine, akaanza kuipiga kwa mwiko ili ilainike, akanyoosha mkono achukue mayai.

"Sukari kwanza," Hyasinta akasema. "Usinifanye nirudie ya mwaka jana."

"Ya mwaka jana ipi?"

"Si nilisahau sukari."

Mwiko ulisimama. Hyasinta alikuwa anatazama nje dirishani, kule chini ambako vijana wa maduka walikuwa wanaita wateja kwa spika, na sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, ya mtu anayesimulia mambo yake.

"Nilikuwa nimetoka kumzika dada yangu Songea, unakumbuka. Kichwa hakipo. Nikakanda, nikaoka, nikagawa, wala sikuonja. Filbert alitafuna moja akaenda kuitema hapa dirishani. Wanakwaya walinicheka mpaka Mwaka Mpya. Hata Padri, na upole wake wote, aliniambia, 'Mama Filbert, sherehe yote hii, wewe umetuokea za Kwaresima.' Hakuna aliyemaliza hata moja. Zilikuwa kama kutafuna unga wenye tangawizi."

Maimuna alimimina sukari. Mikono ilikuwa inafanya kazi, lakini kichwa chake kilikuwa kimerudi Januari ile, mlangoni, ameshika sahani yenye tende. Aliyakumbuka maneno yake yote, na hicho ndicho kitu kibaya cha kuwa na kumbukumbu nzuri. Alikuwa amesema, "Mama Filbert, utamu wa mwaka huu sijui umetia nini. Mzee Hashimu amelamba mpaka vidole." Alikumbuka pia kwamba Hyasinta alikuwa amevaa kanga nyeusi ya msiba, kwamba alimwangalia kwa muda, akasema asante, akachukua sahani yake na kurudi ndani taratibu.

 Labda amesahau nilichosema, akajiambia. Ana msiba, atakumbuka vipi maneno ya mlangoni? Akavunja mayai. Akatia maziwa, akatia unga, akakanda, macho yake hayatoki kwenye bakuli. Hyasinta alisimama, akachota kidonge cha donge kwa ncha ya kidole cha mkono mzima, akakionja. Akatafuna polepole.

"Endelea," akasema, akarudi kukaa.

Donge lilipokuwa tayari, Maimuna akaiona sufuria kubwa imening'inia ukutani, ile ile ya siku zote, akanyoosha mkono kuichukua.

"Siyo hiyo," Hyasinta akasema. "Hiyo ni yetu, tunapikia kila kitu. Yako iko juu ya kabati."

"Yangu?"

"Kwenye kanga. Hebu ishushe, mimi siwezi."

Maimuna alipanda kwenye kigoda, akashusha furushi lililofungwa kwa kanga safi, akalifungua mezani. Ndani mlikuwa na sufuria mpya, haina hata mkwaruzo, na mfuniko wake. Sahani mbili za bati za kuokea. Debe dogo la mchanga.

"Mchanga nao mpya," Hyasinta akasema. "Nilimtuma Filbert Kigamboni, akanilalamikia njia nzima. Hilo bakuli unalokandia nalo ni la humo, na huo mwiko. Nimevitoa asubuhi. Havijawahi kugusana na vyetu, hata kuosha naviosha peke yake."

"Tangu lini, Mama Filbert?"

"Tangu Januari."

 Chini huko spika ilikuwa inatangaza mashuka ya bei ya sikukuu. Maimuna alibaki ameshika mfuniko, na hakujua auweke wapi.

Hyasinta hakupandisha sauti. "Ulipoleta sahani na kunisifia utamu, nilikaa hapa hapa nilipokaa nikajiuliza. Anayesifu sukari ambayo haipo, hajaonja. Sasa kwa nini asionje? Wewe pilau yako nakula kwenye sinia moja na wewe. Nikasema labda mimi mchafu. Nikakagua kucha zangu, Mama Twaha. Nilikaa nikakagua kucha. Nikakagua jiko langu, nikanusa mataulo. Nikamuuliza Filbert kama mimi nina harufu." Akatabasamu kidogo, lakini si tabasamu la kucheka. "Halafu siku moja nikaangalia ukutani nikaiona sufuria. Nikasema, ah, kumbe ni hii. Nilifurahi, nakwambia kweli. Sufuria inanunulika."

Maimuna ameniambia kwamba kabla ya siku ile alidhani anaijua aibu. Alishawahi kuanguka sokoni mbele ya watu, alishawahi kutajwa vibaya kwenye shughuli ya arusi. Hizo ni aibu za nje, zinapita. Hii ilimshika mwili mzima kama homa. Alimwona Hyasinta amekaa peke yake na kanga yake ya msiba, ametandaza vidole vyake mbele ya macho, anatafuta uchafu ambao haupo, kwa sababu ya neno ambalo yeye, Maimuna, alishindwa kulisema ukumbini.

"Mama Filbert, mimi..."

"Makaa yamekolea," Hyasinta akasema. "Yakipita kiasi zitaungua chini. Tandaza mchanga."

Akatandaza mchanga. Alitamani Hyasinta angemfokea. Angemfukuza, angemwambia toka na unafiki wako, angalau angekuwa na mahali pa kwenda. Badala yake aliendelea kuelekezwa kwa upole ule ule: fanya viduara, bonyeza katikati kwa kidole gumba, usizibananishe, zitavimba. Akafanya. Akatumbukiza sahani ya kwanza ndani ya sufuria, akafunika, akapanga makaa juu ya mfuniko kwa koleo. Moshi ulimsaidia, maana macho yalikuwa na sababu ya kutoa machozi.

"Zitoe zikiwa bado zinabonyea," Hyasinta akasema. "Ukisubiri zikauke humo ndani, umechelewa. Ulaini wake uko hapo tu."

"Sawa."

"Miaka yote hujaniuliza siri yake. Hilo nalo lilikuwa linanishangaza."

Maimuna akageuza makaa kwa koleo.  Watu wanaokula huuliza.

Sahani ya kwanza ilipoiva, Hyasinta alizipanga biskuti mwenyewe kwa mkono wa kushoto, moja moja, kwenye ile sahani yenye ua jekundu. Hakumwambia, onja. Na Maimuna, ambaye mkono wake ulikuwa karibu kabisa na sahani, hakuchukua. Aliona akila pale, mbele yake, itaonekana anakula kumridhisha, na kuridhishana kulikuwa kumeshamtosha. Zilizobaki Filbert angekuja kuzioka akirudi kazini. Maimuna akanawa, akapokea sahani kwa mikono miwili kama kila mwaka, akavuka ukumbi.

Mzee Hashimu alikuwa amesharudi kutoka msikitini. Aliiona sahani. Aliinuka, akaenda kwenye friji, akashusha kopo la aiskrimu, akalifungua na kuliweka mezani mbele ya mkewe, kama mtu anavyomletea mwenzake miwani.

"Mwaka huu zimewahi," akasema. "Tarsis nimemwona hapo chini, nimwite?"

Hapo ndipo Maimuna alipokaa kwenye kiti na kulia. Alililia lile kopo. Lilikuwa limezoeleka mno, na mfuniko wake, na mahali pake, hata mzee wa watu mwenye heshima zake analileta mezani bila kufikiri. Alimweleza mumewe yote: sukari, furushi, mchanga wa Kigamboni. Mzee Hashimu alisikiliza ameinamisha kichwa, kama alivyokuwa akisikiliza saa mbovu enzi zake.

"Kucha?" akauliza.

"Kucha, Mzee Hashimu."

 Mzee akachukua kopo, akalifunika, akaliweka sakafuni mbali na meza. Akavuta sahani. "Bismillahi," akasema, akachukua biskuti moja na kuing'ata. Maimuna naye akachukua yake.

Ilikuwa laini kweli. Ilikubali jino bila ubishi, ikafunguka ndani ikiwa bado na joto, siagi na iliki vikapanda puani, na Maimuna akafikiri, Mungu wangu, miaka yote hii. Halafu karafuu ikafika. Ilifika kwa nguvu, ikamchoma ulimi, ikamtia ganzi ufizi wote wa juu. Mzee Hashimu alikuwa amefumba jicho moja.

"Ndivyo zinavyokuwa kila mwaka?" akauliza kwa adabu.

"Sijui," Maimuna akasema.

Neno hilo lilimuuma kuliko karafuu. Mzee Hashimu akaenda kuchemsha chai. Wakakaa, wakala, moja baada ya nyingine, wanatoka jasho, wanapuliza midomo. Hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba lazima zimalizwe. Zilimalizwa. Ilipobaki ya mwisho Mzee Hashimu aliikata katikati kwa vidole, akampa mkewe nusu kubwa.

"Zinatibu jino hizi," akasema. "Lakini ni nzuri."

Maimuna alikuwa ananyanyua kikombe alipokumbuka. Donge lililobaki lilikuwa jingi. Filbert atarudi ataoka. Kesho zitakwenda kwa wanakwaya, kwa Padri, kwa wateja wa cherehani, zote zina vijiko viwili vya karafuu vya kujaa, alivyovitia yeye ili aonekane mjuzi. Watamcheka tena Hyasinta. Mwaka wa pili mfululizo, na safari hii hana msiba wa kujitetea nao. Alisimama ghafla, akatoka kama alivyo, kichwa wazi, akavuka ukumbi na kugonga.

Hyasinta alifungua. Nyuma yake mezani donge lilikuwa bado limefunikwa kwa kitambaa.

"Mama Filbert," Maimuna akasema, "karafuu imezidi. Imezidi sana. Nilitia vijiko viwili. Mzee Hashimu hajawahi kusema kitu kuhusu karafuu, nilisema uongo. Miaka yote nilisema uongo. Hilo donge usilioke."

"Najua," Hyasinta akasema. "Nililionja."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Swali lilikuwa limeshatoka, na Maimuna alilisikia mwenyewe likirudi.   Hyasinta alisimama tu mlangoni, mkono wake wa plasta kifuani, akamwacha jirani yake alisikilize swali lake mpaka mwisho.

"Ningekuuliza kuhusu sufuria," Maimuna akasema baadaye, kwa sauti ndogo. "Siku ile ile ya kwanza. Ningekwambia."

"Ungeniambia, ningenunua sufuria siku ile ile."

"Nisamehe."

Hyasinta akanyoosha mkono wa kushoto, akaipokea sahani, na hapo ndipo Maimuna alipogundua kwamba alikuwa ameishika muda wote huo. Ametoka nayo mezani bila kujua. Haikuoshwa. Haikuwa na tende wala kaimati wala kipande cha halua, ila mafuta ya siagi, alama za vidole na makombo yaliyotapakaa juu ya ua jekundu.

"Yallah," Maimuna akasema, akataka kuivuta. "Nimekuletea tupu. Na chafu. Hebu nipe niirudishe, nitaiosha, kuna tende ndani."

"Iache."

"Mama Filbert, watu wataona."

"Waone." Hyasinta alikuwa anayatazama makombo kwa karibu, kama anayesoma. Akapitisha kidole gumba juu yake, akakilamba, akakunja uso kwa ile karafuu. "Ingia," akasema. "Unga upo. Tunakanda jingine kabla Filbert hajarudi, na safari hii unaonja kabla ya kutia."

Maimuna akaingia. Hakuweza kumtazama jirani yake usoni, si wakati huo, wala jioni ile nzima. Alitazama chini, kwenye mkono wa kushoto ulioshika sahani, kwenye kucha zake. Zilikuwa fupi na safi, kama zilivyokuwa miaka yote.